Maumivu ya Paja Baada ya Kubadilishwa Nyonga: Maana, Aina na Uangalizi Wake Kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Maumivu ya paja baada ya kubadilishwa nyonga ni maumivu yanayosikika kati ya kinena na goti kwa mtu aliyewekewa nyonga bandia, yakaendelea au yakaanza, kwa kawaida, miezi 3 au zaidi tangu siku ya upasuaji, wakati kidonda cha ngozi kilishafunga zamani. Hayo si ugonjwa mmoja. Ni jina la mahali panapouma, kama "maumivu ya tumbo" yalivyo jina la mahali, na chini ya jina hilo hukaa hali nyingi zenye vyanzo tofauti, hatari tofauti na tiba tofauti. Nyingine huisha zenyewe kwa subira. Nyingine zikisubiriwa, mfupa huoza.

Mjini Moshi na katika vijiji vilivyo juu yake, kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Old Moshi, Marangu na Rombo, husemwa kwa kifupi kwamba mgonjwa "amewekewa chuma". Msemo huo hufunika mambo manne ambayo hayana budi kutenganishwa kabla ya jambo jingine lolote. La kwanza ni kubadilisha nyonga nzima, ambapo kichwa cha mfupa wa paja na kikombe kinachokipokea huondolewa vyote viwili na kuwekwa vya bandia. La pili ni kubadilisha nusu ya nyonga, ambapo kichwa pekee huwekwa cha chuma na kikombe cha asili huachwa. Hii hufanywa zaidi kwa wazee waliovunjika shingo ya mfupa wa paja baada ya kuanguka. La tatu ni upasuaji wa marudio, yaani kuondoa nyonga bandia ya zamani na kuweka mpya, mara nyingi yenye shina refu zaidi. La nne ni kuunga mfupa uliovunjika kwa bati, skrubu au msumari wa ndani, na hilo si kubadilisha nyonga hata kidogo, ingawa mgonjwa hurudi nyumbani na maneno yale yale ya "chuma". Maelezo yanayofuata yanahusu matatu ya mwanzo.

Sehemu za nyonga bandia

Nyonga ya asili ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Nyonga bandia ya kisasa inafuata mpango huohuo, na umbo lake la msingi ni lile ambalo John Charnley alianza kulitumia katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962: kikombe cha plastiki ngumu, kichwa kidogo cha chuma, na shina la chuma lililoshindiliwa ndani ya mfupa wa paja na kushikizwa kwa simenti ya mfupa. Kikombe hukaa kwenye fupanyonga. Kichwa hukaa juu ya shingo. Shina, ambalo kwa kawaida lina urefu wa kati ya sentimita 12 na 16, huzama ndani ya mfereji wa uboho na ncha yake huishia chini ya ile nundu inayoguswa upande wa nje wa nyonga.

Mgawanyo huo una thamani ya utambuzi. Kikombe kikiwa na hitilafu, maumivu husikika zaidi kwenye kinena au kalio. Shina likiwa na hitilafu, maumivu husikika kwenye paja. Kanuni hii ina vighairi vyake, lakini mganga anayeanza uchunguzi kwa kumwomba mgonjwa aguse kwa kidole kimoja mahali panapouma huwa ameshapunguza nusu ya uwezekano kabla ya picha ya eksirei kupigwa.

Shina lenyewe lina aina mbili kwa namna linavyoshikwa. Shina la simenti hushikwa papo hapo; simenti hukauka ndani ya dakika chache chumbani mwa upasuaji. Shina lisilo la simenti hubanwa kwa nguvu ndani ya mfereji, kisha mfupa hai huota na kuingia katika vitundu vidogo vya uso wake. Kuota huko huchukua takriban wiki 6 hadi 12 ili kushika, na mfupa huendelea kujipanga upya kwa mwaka mzima na zaidi. Shina la Austin Moore, lililopewa jina la mpasuaji wa Marekani na ambalo kwa miongo mingi limekuwa likitumika Afrika Mashariki kwa wazee waliovunjika shingo ya paja, ni la kundi hili la pili: halina simenti, na mara nyingi hukaa ndani ya mfereji mpana wa mfupa wa kizee bila kubanwa sawasawa. Maumivu ya paja ni mwenzi wake anayejulikana siku nyingi.

Maumivu ya ncha ya shina

Aina hii ndiyo inayostahili jina la maumivu ya paja kwa maana finyu, na ndiyo inayosumbua wengi wenye shina lisilo la simenti. Tabia yake ni ya pekee. Husikika mbele au upande wa nje wa paja, mahali mgonjwa anapoweza kupaonyesha kwa kiganja, mara nyingi pale pale ncha ya shina inapoishia. Huja mtu anapoinuka kitini na kuanza kutembea. Hatua tano au kumi za kwanza huuma, kisha maumivu hulegea, na mwendo ukizidi hurudi tena. Akilala, hayapo.

Chanzo chake ni kutolingana kwa vitu viwili vilivyolazimishwa kuishi pamoja. Mfupa hupinda. Haupindi kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, lakini kila hatua huupinda kidogo, na ndivyo ulivyoumbwa. Aloi ya titani ni ngumu kupinda takriban mara 6 kuliko ganda la mfupa; aloi ya kobalti na kromi ni ngumu takriban mara 12. Pale shina linapoishia, mfupa unaopinda hukutana ghafla na sehemu isiyopinda, na mzigo wote wa tofauti hiyo huangukia ncha. Unene wa shina huongeza tatizo kwa kasi kuliko inavyodhaniwa: kipenyo cha fimbo ya mviringo kikiongezeka mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16. Kwa hiyo shina nene la kobalti lililojaza mfereji hadi chini ndilo lenye sifa mbaya zaidi ya kuumiza paja, na shina jembamba la titani lililochongwa kwa umbo la kabari ndilo lenye sifa nafuu.

Sababu ya pili ya aina hiihii ni mtikisiko mdogo. Shina ambalo mfupa haujalishika vizuri huteleza kwa sehemu ya milimita kila mguu unapokanyaga. Mtikisiko ukiwa mdogo sana, mfupa huota hata hivyo. Ukizidi, badala ya mfupa huota utando laini kama kano, na shina hubaki limeshikwa nusunusu. Wengi wa wagonjwa wa namna hii huendelea vizuri kwa miaka. Wachache huingia katika aina inayofuata.

Mwenendo wa kawaida wa maumivu ya ncha ni kupungua. Mwaka wa kwanza ndio mzito. Kwa wengi, kufikia mwaka wa pili mfupa umekwisha kunenepa kuzunguka ncha na maumivu yamebaki ya siku za kazi nyingi tu. Kunenepa huko huonekana kwenye eksirei kama uvimbe wa ganda la mfupa, na wakati mwingine kama kitako cha mfupa chini ya ncha. Kitako peke yake hakithibitishi ubaya. Kikiandamana na mstari mweusi unaozunguka shina, hapo ndipo kinapoanza kusema jambo.

Kulegea kwa shina

Kulegea ni hali ya shina kupoteza mshiko wake, ama kwa kutoshikwa tangu mwanzo, ama kwa kushikwa na baadaye kuachiwa. Kunapotokea bila vijidudu, chanzo kikubwa ni vumbi la plastiki linalosagika kikombeni: chembe hizo huamsha seli za mwili, na seli hula mfupa badala ya kula vumbi. Tofauti na maumivu ya ncha, maumivu ya kulegea huongezeka badala ya kupungua, na mara nyingi huja baada ya miaka kadhaa ya raha. Mgonjwa aliyekuwa akipanda kutoka barabara ya lami hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani, bila fimbo, akaanza tena kuumwa paja mwaka wa nane, hana maumivu yaleyale ya mwanzo yaliyorudi. Ana jambo jipya. Kwenye eksirei wasomaji wa picha huligawa eneo la shina katika kanda 7, kwa utaratibu uliochapishwa na Gruen na wenzake mwaka 1979, na hulinganisha kanda kwa kanda kama mstari mweusi umepanuka au shina limezama.

Maambukizi

Maambukizi ya nyonga bandia ndiyo aina inayopaswa kukanushwa kwanza, hata pale ambapo kila kitu kinaelekeza kwingine. Alama yake kubwa ni maumivu ya kupumzika: paja linauma usiku, linauma mtu akiwa amekaa, na halikupata kamwe kipindi cha nafuu tangu upasuaji. Kidonda kilichotoa majimaji kwa wiki nyingi, kovu linalofungua tundu na kutoa usaha, homa za jioni zisizo na malaria: hizo ni dalili za wazi. Lakini yapo maambukizi ya kimyakimya yasiyo na homa wala usaha, ambayo hujionyesha kwa maumivu tu na kwa vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe wa ndani. Vipimo hivyo vikipanda, hatua inayofuata ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano katika mazingira safi na kuyaotesha maabara.

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo hujirudia sana katika maduka ya dawa: kumeza viuavijasumu vya siku tano kwa sababu "paja limepata moto". Dozi hiyo haiwezi kuua vijidudu vilivyojishikiza kwenye chuma. Inachoweza ni kuvificha, ili majimaji yanapooteshwa baadaye yasionyeshe kitu, na tiba sahihi icheleweshwe kwa miezi.

Ufa na mvunjiko kandokando ya shina

Mfupa unaweza kupasuka wakati shina linapogongwa kuingia, na ufa mwembamba ukapita bila kuonekana siku ile. Unaweza pia kuvunjika miaka mingi baadaye, kwenye ncha, kwa anguko dogo. Alama yake ni maumivu ya ghafla yenye saa na tukio: mtu anajua aliteleza wapi. Ardhi ya Kilimanjaro, udongo mwekundu wa volkano uliolowa masika ya Machi hadi Mei, hutoa matukio hayo kwa wingi. Vipimo vilivyofanywa Berlin na Georg Bergmann na wenzake, kwa nyonga bandia zilizofungwa vihisio ndani yake, vilionyesha kwamba kutembea kawaida huibebesha nyonga takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, lakini kujikwaa mara moja kunaweza kupeleka mzigo zaidi ya mara 7. Mzee wa kilo 60 aliyejikwaa kwenye mzizi wa mgrivilea ameibebesha nyonga yake, kwa sekunde moja, zaidi ya kilo 400.

Mgonjwa ambaye ghafla hawezi kukanyaga, au ambaye mguu wake umeonekana kuwa mfupi au umegeukia nje, hapaswi kuchuliwa wala kuvutwa. Hufungwa ili asicheze, na hupelekwa hospitali akiwa amelala.

Maumivu ya misuli, kano na vifuko vya maji

Kundi hili ni la kawaida kuliko linavyopewa heshima. Kifuko cha maji kilicho juu ya nundu ya nyonga kikivimba, maumivu hukaa upande wa nje, huuma kwa kubonyezwa na huuma mtu akilalia ubavu ule; hushuka pajani lakini hayafiki chini ya goti. Misuli ya kalio inayoinua mguu pembeni ikiwa dhaifu, mwendo huwa wa kuyumba na paja huchoka kabla ya mtu kuchoka. Kano ya msuli wa kukunja nyonga ikisuguana na ukingo wa kikombe, maumivu huwa mbele, karibu na kinena, na hujitokeza kwa tendo moja mahsusi: kuinua mguu wenyewe, kama wa kuingia ndani ya gari aina ya Noah au kupanda ngazi ya kanisa. Kutolingana kwa urefu wa miguu miwili nako huingia hapa, kwa kuwa tofauti ya zaidi ya sentimita moja hubadilisha jinsi misuli ya paja inavyovuta. Soli iliyoongezwa kwenye kiatu kimoja mara nyingi hutosha. Kazi hiyo ya soli na viungo bandia ina historia ya pekee Moshi, kwa sababu chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kimekuwapo katika eneo la hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981 na wahitimu wake wamesambaa Afrika nzima.

Maumivu ya neva na ya uti wa mgongo

Neva ya ngozi ya upande wa nje wa paja hupita karibu na njia inayotumika kufungua nyonga kwa mbele. Ikivutwa au kukatwa, hubaki ganzi, mwasho au moto wa juujuu katika eneo lenye ukubwa wa kiganja. Nguo ikigusa, ngozi hukereka. Misuli hubaki na nguvu zake zote. Hali hii inaudhi lakini haina hatari.

Uti wa mgongo ni mdanganyifu zaidi. Neva zinazotoka kwenye pingili za kiuno za juu hutandaa mbele ya paja, na zikibanwa, maumivu husikika pajani huku kiuno kikiwa kimya. Kwa mtu aliyebeba mizigo kichwani miaka 40, majani ya ng'ombe yakipandishwa kutoka tambarare hadi zizi la kihambani, mikungu ya ndizi ikiteremshwa sokoni, pingili zilizochakaa ni jambo la kutarajiwa, na nyonga na kiuno huweza kuharibika kwa pamoja. Kinachotofautisha ni kwamba maumivu ya kiuno hufuata mkao: huzidi mtu akisimama wima muda mrefu au akishuka mteremko, na hupungua akiinama au akikaa. Kumzungusha mgonjwa nyonga akiwa amelala hakumuumizi.

Maumivu ya mishipa ya damu

Damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani huleta uvimbe wa paja au muundi, joto na uzito, hasa katika miezi 3 ya mwanzo na baada ya safari ndefu. Basi la Dar es Salaam hadi Moshi hupita zaidi ya kilomita 500, na wengi waliopasuliwa Dar hupanda nyumbani Desemba pamoja na ukoo mzima. Mguu mmoja ukivimba baada ya safari hiyo, kuuchua kwa mafuta ya moto ni hatari: bonge linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Kukosa pumzi na maumivu ya kifua ni dharura ya saa ileile.

Namna ya kutambua

Swali la "inauma kiasi gani" lina faida ndogo. Maswali yenye faida ni lini yalianza, yanaanzishwa na tendo gani, na kama yanapungua au yanaongezeka mwezi hadi mwezi. Maumivu ya hatua za kwanza yanayopungua ni ya ncha. Ya usiku ni ya maambukizi hadi yakanushwe. Yaliyozaliwa upya baada ya miaka ya raha ni ya kulegea. Ya tukio ni ya ufa.

Kwenye mlima, njia yenyewe ni chombo cha kupimia, na hapa wakazi wa miteremko wana kitu ambacho wagonjwa wa mji tambarare hawana. Ukanda wa vihamba uko takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila nyumba ina njia ya kupanda na ya kushuka. Kupanda hudai kukunja nyonga na kusukuma kwa kalio. Anayeumwa mbele kila anapoinua mguu kupanda anaelekeza kwenye kano ya mbele. Kushuka hudai misuli ya mbele ya paja kuzuia uzito. Uchovu na udhaifu wake hujitokeza hapo, na vilevile maumivu ya goti ambalo limechukua kazi ya nyonga kwa miaka mingi. Mgonjwa anayejua kwamba mwezi uliopita alipumzika kwenye mfongo (mfereji wa maji) wa kwanza na mwezi huu anafika hadi wa pili amempa daktari kipimo kizuri kuliko namba ya moja hadi kumi.

Eksirei ya paja zima hadi chini ya ncha, si ya nyonga pekee, ndiyo picha ya msingi. Picha iliyokatwa juu ya ncha haina msaada kwa maumivu ya paja. Thamani yake huongezeka ikilinganishwa na za zamani. Katika maeneo ya Kilimanjaro na Arusha ambako maji yana floraidi nyingi, mfupa unaweza kuonekana mzito kwa ujumla. Unene unaohusu ncha huwa wa mahali pamoja tu.

Uangalizi wa kila siku

Maumivu ya ncha na ya misuli, baada ya hatari nyingine kukanushwa, hutunzwa kwa kupunguza mzigo wa hatua na kuongeza nguvu ya misuli. Fimbo hushikwa mkono wa upande usiopasuliwa. Hilo huonekana kinyume na akili ya kawaida, na wengi huishika upande unaouma. Lakini fimbo ya upande wa pili husaidia misuli ya kalio kuzuia kiwiliwili kisilalie upande wa mguu ulioinuliwa, na mzigo wa nyonga hupungua sana. Urefu wake sahihi ni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama na viatu. Mzigo wa kubebwa mkononi, kama ndoo au kikapu, una kanuni yake: hubebwa upande ule uliopasuliwa. Fimbo upande mmoja na ndoo upande wa pili hivyo hukubaliana. Mzigo wa kichwani hauna upande. Huongeza uzito kwa nyonga zote mbili, na mafungu mawili mepesi ni bora kuliko fungu moja zito.

Kwenye ngazi na vijia vya mwinuko, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka. Viatu vyenye soli yenye meno ni kinga kubwa kuliko dawa nyingi. Kandambili kwenye utelezi ni mwaliko wa anguko. Kigoda kifupi cha jikoni na cha kukamulia hukunja nyonga kupita pembe mraba, na kwa waliofunguliwa nyonga kwa nyuma hatari yake ni nyonga kuchomoka, jambo tofauti na maumivu ya paja ingawa huchanganywa. Choo cha kuchuchumaa kinaingia humohumo. Kiti cha mbao chenye tundu, anachoweza kukichonga fundi yeyote wa kijiji, hutatua tatizo kwa bei ya mbao.

Mazoezi ya msingi ni machache: kuinua mguu pembeni mtu akiwa amesimama na ameshika nguzo, kuinua makalio akiwa amelala chali, na kusimama kutoka kwenye kiti cha wastani bila kutumia mikono. Hufanywa kila siku, polepole, kwa miezi. Maumivu yanayoisha ndani ya saa moja au mbili baada ya zoezi yanakubalika. Yanayovuka hadi asubuhi yanadai dozi ndogo zaidi. Kutembea huongezwa kwanza kwa umbali kwenye tambarare, ndipo kwa mwinuko.

Baridi ya Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka hadi vihambani, huongeza malalamiko, na huaminika kwamba chuma "hushika baridi". Chuma kilichozungukwa na mfupa na misuli hubaki katika joto la mwili, takriban nyuzi 37. Kinachokaza ni misuli na ngozi juu yake. Blanketi na maji ya uvuguvugu yana faida kwa sababu hiyo.

Dawa

Parasetamoli ndiyo ya kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa, na haichanganywi na unywaji wa pombe ya mbege wa kupindukia kwa ajili ya ini. Diklofenaki na jamii yake hupunguza uvimbe wa kifuko na kano, lakini zikitumika miezi mfululizo huumiza tumbo na figo, hasa kwa mzee anayemeza dawa za shinikizo la damu. Maumivu ya neva hayazisikii dawa hizo vizuri. Yana dawa zake, kama amitriptilini na gabapentini, zinazoandikwa na daktari. Sindano ya steroidi husaidia kifuko kilichovimba, kwa sharti moja lisilo na msamaha: maambukizi yawe yamekanushwa kwanza.

Upasuaji wa pili na kumbukumbu zake

Shina lililolegea hubadilishwa. Nyonga yenye vijidudu husafishwa au hutolewa, na mara nyingi mpya huwekwa katika hatua ya pili baada ya wiki kadhaa za dawa. Mfupa uliovunjika hufungwa kwa bati na nyaya, au kwa shina refu linalovuka mvunjiko. Maumivu ya ncha ya shina lililoshika vizuri ni jambo jingine: kuling'oa shina lenye afya huharibu mfupa, kwa hiyo upasuaji huwa wa mwisho kabisa, na miaka miwili ya kungoja si mingi.

Kazi hizo ni za hospitali kubwa. Kaskazini, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Kitaifa ipo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Wapo pia waliopasuliwa India kwa rufaa, wakarudi na kovu lililopona na bila karatasi. Hao ndio wagumu kuwatibu, kwa sababu kila kampuni ina vifaa vyake vya kutolea shina lake, na shina lisilojulikana hutolewa kwa kubahatisha. Malawi ilianza daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, jambo ambalo nchi tajiri nyingi zilichelewa kulifanya.

Mahali pasipo na daftari la taifa, daftari huwa la mgonjwa. Yaliyomo ni haya: tarehe na hospitali ya upasuaji, upande, kama ni nyonga nzima au nusu, simenti ipo au haipo, jina na saizi ya shina kama zilivyo kwenye stika zinazobandikwa ndani ya faili, njia iliyofunguliwa kama ni ya mbele au ya nyuma, na eksirei ya kwanza baada ya upasuaji. Picha hiyo ya kwanza huhifadhiwa ikiwa imelala, ndani ya bahasha yake, mbali na dari inayovuja na mbali na moshi wa jikoni; miaka kumi baadaye ndiyo itakayoonyesha kama shina limezama hata milimita mbili.